Guìzhòng: neno moja la Kichina na baiskeli ya baba



Tangu mjue kwamba nasoma Kichina, kila Dominika baada ya Misa ya pili lazima mtu anivute pembeni. "Kaka, tufundishe hata maneno mawili." Nawaelewa kabisa. Sisi wa Mngeta tumekulia kando ya TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi. Wazee wetu walishika sururu bega kwa bega na Wachina. Sasa, tangu Septemba 2024 iliposainiwa hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo, mjini Beijing, mbele ya marais wa nchi tatu, kila kijana wa bondeni anajiuliza kama Kichina hakitampatia kazi.

Basi leo naleta neno moja. Siyo la mwanzo. Kwenye vitabu vya wanaoanza huwezi kulikuta. Ila mimi limenigharimu kuliko maneno yote mia tisa ya kwanza niliyokariri, na nitawaeleza kwa nini, ingawa sehemu yenyewe sijivunii.

Neno ni guìzhòng. Linaandikwa 贵重. Maana yake ni "-a thamani", lakini thamani ya kitu unachomiliki, kitu chenye bei kubwa ambacho kikiibwa utakwenda polisi. Wachina wanalibandika kwenye hoteli, kwenye mabasi, kwenye mabwawa ya kuogelea:

Qǐng bǎoguǎn hǎo nín de guìzhòng wùpǐn.
Tafadhali tunza vizuri vitu vyako vya thamani.

Wùpǐn ni vitu. Kwa hiyo guìzhòng wùpǐn ni simu yako, kompyuta yako, mkufu wa dhahabu, pesa taslimu. Ukienda kufanya kazi kwenye kambi ya ujenzi, neno hili utaliona ukutani kabla hujaonyeshwa kitanda.

Tuanze na kutamka. Gui soma "gwei". Zhong soma karibu na "jung", ila ulimi uukunje kidogo nyuma. Kichina kina toni nne, na silabi zote mbili hapa zina toni ya nne, ile inayoshuka kwa nguvu kama mama anapokukemea "Wee!" Usifanye mzaha na toni. Guì ya kushuka ni ghali. Lakini ukiishusha kisha ukaipandisha, guǐ, umetaja mzimu, pepo, hata shetani. Unataka kumwambia bosi kwamba saa yake ni ya thamani, unajikuta umemtajia mashetani. Halafu kuna guì nyingine, inayotamkwa vilevile kabisa, ila inaandikwa tofauti: 跪. Hiyo ni kupiga magoti. Sikioni huwezi kuzitofautisha. Mimi hilo lilinifurahisha sana, nikaliandika kwenye jalada la daftari.

Sasa tuingie kwenye maandishi, maana huko ndiko kuna utamu.

Angalia sehemu ya chini ya 贵. Kile kijialama 贝 kinaitwa bèi, nacho ni kauri, lile kombe dogo la baharini linalong'aa. Zamani sana Wachina walitumia kauri kama fedha. Mwaka 1976, mwaka uleule TAZARA ilipokabidhiwa, wataalamu wa mambo ya kale walifukua huko Anyang kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme aliyeishi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wakakuta ndani yake kauri karibu 7,000. Kauri zimepita, alama imebaki. Kwa hiyo ukiona 贝 ndani ya neno la Kichina, nusa: mara nyingi kuna pesa humo. Cái, mali (财). Huò, bidhaa (货). Jiàn, rahisi au duni (贱), kinyume cha guì.

Msidhani haya ni mambo ya mbali. Jirani zetu Waganda mpaka leo fedha wanaiita ensimbi, na ensimbi ni zilezile kauri, kwa sababu nao walinunulia na kuuzia kwa kauri. Sisi wenyewe kwa Kiswahili neno "kauri" linataja kombe la baharini na pia vile vyombo vyeupe vya udongo vilivyokuwa vikija kutoka China, ambavyo vipande vyake vinaokotwa hadi leo kwenye magofu ya Kilwa.

Sasa muwe waangalifu na maneno mawili haya: 贫 na 贪. Yatazame vizuri, usikimbie. Yote yana kauri chini. La kwanza ni pín, umaskini: juu kuna alama ya kugawa, yaani kauri zimegawanywa mpaka zimekwisha. La pili ni tān, tamaa. Kwa haraka yanafanana kama mapacha, na hata Wachina wenyewe wanataniana kuhusu hilo. Kwenye jaribio la kwanza niliandika kwamba familia yetu ina tamaa. Nilitaka kuandika kwamba ni maskini.

Silabi ya pili, 重, ni uzito. Mwalimu wetu alitupa mbinu ya kuikumbuka: ndani yake utaona kama "elfu" 千 imelaliana na 里, kipimo cha umbali cha kale. Mzigo ukibebwa safari ndefu hivyo, lazima uwe mzito. Hiyo ni mbinu tu ya kukariri, siyo historia ya neno, lakini mtu aliyewahi kusukuma gunia la mpunga kwa baiskeli kutoka shambani hadi stesheni ya Mngeta wakati wa masika hahitaji kuelezwa mara mbili.

Baiskeli. Haya, tumefika.

Nilikuwa nasoma Dodoma. Pale Chuo Kikuu cha Dodoma kuna Taasisi ya Confucius tangu 2013, na mwalimu wetu, laoshi kama tunavyowaita walimu, alikuwa mama mmoja mpole kutoka China. Siku ya neno guìzhòng alituambia kila mmoja ataje kitu kimoja cha guìzhòng alichonacho nyumbani. Mmoja akasema simu. Sawa. Mwingine akasema ng'ombe wa baba yake. Laoshi akacheka, akakubali. Binti mmoja akasema "mama yangu", laoshi akatikisa kichwa: mtu siyo guìzhòng, mtu hapangiwi bei. Zamu yangu ilipofika, sijui ilikuwaje, mdomo ukasema: baiskeli ya baba yangu.

Laoshi akauliza, "Ina bei gani?"

Nikafikiri. Ni Phoenix, zile za Shanghai, nyeusi, fremu ya chuma, mnazijua. "Kama shilingi 90,000."

"Basi siyo guìzhòng," akasema, bila ubaya. "Labda unatafuta neno lingine. Nieleze."

Nikaeleza kwa Kichina changu cha kuungaunga. Baba alikuwa katekista. Kwa baiskeli ile alizunguka vigango zaidi ya miaka ishirini, kwenye keria kuna boksi la vitabu limefungwa kwa mpira. Kwenye madigadi ya nyuma alikuwa ameandika kwa rangi, kwa mkono wake, TARATIBU. Alipofariki ilibaki imeegemea ukuta wa jikoni. Laoshi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika ubaoni: 珍贵. Zhēnguì. Upande wa kushoto wa alama ya kwanza kuna jiwe la thamani. Ni thamani ya kitu ambacho hakipatikani tena: picha ya marehemu, barua, zawadi ya rafiki. Sokoni kinaweza kuwa shilingi 500. "Baiskeli yako," akasema, "ni zhēnguì. Iko wapi sasa?"

Hapo ndipo ilipo shida. Ile baiskeli nilikuwa nimeiuza. Niliiuza ili nipate nauli ya kwenda Dodoma na ada ya kujiandikisha, kwa jamaa mmoja wa Mchombe, kwa shilingi 90,000. Bei niliyomtajia laoshi sikuibuni, niliijua vizuri mno. Na sikumwuliza mama. Nilisubiri ameenda shambani.

Kwa Kichina kuuza ni mài, toni ya kushuka. Kununua ni mǎi, inashuka kisha inapanda. Tofauti ni hiyo tu. Kimaandishi nayo ni ndogo: kununua ni 买, kuuza ni 卖, ni alama ileile, umeongeza msalaba mdogo juu. (Kwa Wachina ule msalaba ni namba kumi, lakini mimi siwezi kuuona bila kuona msalaba.) Nilitaka kusema "nimeiuza", wǒ mài le. Sauti ikanikwama, toni ikapinda. Nikasema wǒ mǎi le. Nimeinunua.

Uso wa laoshi ukang'aa. Akadhani nimeinunua baiskeli ya baba ili isitoke kwenye familia. Akaligeukia darasa, akasema hii ndiyo maana halisi ya zhēnguì, mwenzenu amelielewa neno. Wakanipigia makofi.

Na mimi nikakaa chini. Sikusahihisha.

Nataka muelewe kwamba kosa la toni halikuwa dhambi. Kila mtu anakosea toni. Lakini nilipata dakika nzima ya kusema "laoshi, samahani, nilimaanisha mài", na ile dakika nikaitumia kupanga kalamu zangu mezani. Tena yalikuwa makofi matamu, jamani.

Wiki iliyofuata tukapewa neno la tatu, na hapo ndipo somo linakamilika. Bǎoguì, 宝贵. Sehemu ya kwanza mnaweza kuitamka bila tabu, bao, kama ule mchezo wa wazee wetu. Alama yake ni paa la nyumba 宀 na chini yake jiwe la thamani: hazina iliyofichwa ndani. Hili mara nyingi hutumika kwa vitu visivyoshikika. Bǎoguì de shíjiān, muda wa thamani. Bǎoguì de shēngmìng, uhai wa thamani. Bǎoguì de jīngyàn, uzoefu. Kiswahili chote hicho tunakiita "-a thamani" na maisha yanaendelea. Mchina anakulazimisha uamue kwanza ni thamani ya namna gani. Ukisema "muda wako ni guìzhòng" atakuelewa, lakini atahisi kama umeuweka muda kwenye mzani.

Jioni hiyo nilitafuta mfano wa lulu katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, kwenye Biblia ya Kikatoliki ya Kichina. Hiyo ni ile iliyoongozwa na Mfransisko Mwitaliano, Gabriele Allegra, ikatoka kwa kitabu kimoja mwaka 1968. Yeye mwenyewe alitangazwa mwenye heri mwaka 2012. Nilitaka kujua wametumia neno lipi kati ya haya matatu. Kwa hesabu yangu ilipaswa kuwa guìzhòng, maana ni mfanyabiashara na ni bidhaa, tena ya bei mbaya. Wametumia bǎoguì. Nadhani aliyetafsiri alikuwa ameshatazama mbali kuliko lulu yenyewe. Lakini kilichonichoma ni vitenzi vinavyofuata. Yule mtu anauza alivyo navyo vyote, kisha ananunua. Mài halafu mǎi. Zote mbili zimo, kwa mpangilio huo, na hakuna aliyezichanganya.

Kuna mtu mmoja nilimfikiria sana siku zile: Padre Matteo Ricci, Mjesuiti. Alifika Macau mwaka 1582 akaanza Kichina akiwa mtu mzima, bila kamusi ya maana, bila simu ya kumsomea toni. Mwaka 1601 alikaribishwa Beijing, na miongoni mwa zawadi zilizomfungulia mlango wa mfalme zilikuwa saa za kugonga kengele, vitu vya guìzhòng hasa. Lakini miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1595, alipoandika kitabu chake cha kwanza kwa Kichina akiwa peke yake, hakuandika juu ya saa wala mashine. Aliandika juu ya urafiki. Desemba 2022 Papa Fransisko aliidhinisha atangazwe Mtumishi wa Mungu mstahiki heshima. Mimi namwomba aniombee kwenye toni. Sijui kama inaruhusiwa, lakini namwomba.

Basi Noeli nikarudi nyumbani. Kitubio nilikuwa nimeshafanya, na padre alinipa malipizi mepesi kuliko nilivyotegemea, akaongeza: "Na mama umeshamwambia?" Kumbe malipizi yenyewe yalikuwa hapo.

Nilimwambia jikoni, pale pale ukuta ulipo. Bado kuna alama nyeusi ya mpini wa usukani kwenye tope la ukuta. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakunyanyua kichwa.

"Mwanangu, siku ile nilirudi shamba nikaona ukuta mtupu," akasema. "Nilijua. Ungeniuliza ningekwambia uza. Masomo ni masomo. Baba yako mwenyewe angeuza." Akapepeta tena. "Ila hukuniuliza."

Ningependelea anigombeze.

Kesho yake nikatembea mpaka Mchombe. Jamaa nikamkuta. Baiskeli ipo, nzima, imefungwa tairi mpya na spoki mpya, kwenye keria magunia mawili ya mpunga. Yale maandishi ya baba, TARATIBU, yamebaki TARATI, mwisho umechubuka. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwambia nataka kuinunua tena.

"Kijana," akasema, "hii inanilishia watoto wanne. Wewe unaitaka ya nini, na hukai hapa?"

Sikuwa na jibu. Nikagundua kwamba kwake yeye ile baiskeli ni guìzhòng haswa, na laoshi alikosea kidogo aliposema siyo: inategemea umeitajia kwa nani. Tukakaa kwenye gogo, tukaongea muda mrefu, zaidi juu ya baba kuliko juu ya bei. Kumbe baba ndiye aliyemfundisha huyu bwana mafundisho ya ndoa. Mwishoni akasema hawezi kuitoa kabla ya mavuno, mpunga ukishavunwa atanunua nyingine. Bei 120,000, kwa sababu ya tairi na spoki. Nikaona ni haki. Nikampa 50,000 niliyokuwa nayo.

Usiku nikamtumia laoshi ujumbe wa sauti. Nilifanya mazoezi kwanza nje, peke yangu, mbwa wa jirani wananishangaa: mài, mài, mài, shuka, shuka. Nikamwambia siku ile darasani sikuinunua, niliiuza, na makofi yale sikustahili. Alijibu asubuhi. Alinishukuru, kisha akanisahihisha: toni ya mài safari hii ilikuwa sawa, ila neno "makofi" nililitamka vibaya.

Kwa wanaotaka mazoezi, nakilini sentensi hii, inatumika sana mtu anapokupa zawadi kubwa kuliko uwezo wako wa kuipokea:

Zhè lǐwù tài guìzhòng le, wǒ bù néng shōu.
Zawadi hii ni ya thamani mno, siwezi kuipokea.

Halafu chora daftari mistari mitatu, guìzhòng, zhēnguì, bǎoguì, na chini ya kila mmoja andika kitu kimoja chako halisi. Siyo cha kwenye kitabu. Njoo nacho Dominika baada ya Misa ya pili, tutakaa chini ya mwembe kama kawaida. Wa mistari miwili ya kwanza tutasomeana. Wa tatu ukitaka utabaki nao.

Mimi wangu wa pili mnaujua. Nimebakiza shilingi 70,000, na mpunga wa Mchombe, nasikia, umeshaanza kuchanua.